Gari linapochemsha baada ya kubadilishwa injini: Chanzo hutafutwaje?

MMILIKI wa gari anapoamua kuitoa injini iliyochoka na kuweka nyingine, hutarajia kuwa safari za gereji zimekwisha. Aghalabu mambo huwa kinyume. Siku chache baadaye, katika kilima kirefu cha kwanza au foleni ndefu ya kwanza, mshale wa joto hupanda, mvuke hufuka chini ya boneti na safari hukatika.

Katika mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe kwa ujumla, tatizo hilo lina uzito wa pekee. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, unapitiwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na kutoka Tunduma huanza barabara nyingine iendayo Sumbawanga. Magari ya abiria, pikapu za wafanyabiashara wa mazao na magari madogo ya watu binafsi hupanda na kushuka milima mchana na usiku, na mengi kati ya hayo yamekwisha kubadilishwa injini angalau mara moja.

Injini zinazowekwa ni za mtumba, nyingi zikiwa zimetoka Japani. Mwenye Hilux au Hiace yenye injini ya dizeli ya 2L huweka 3L au 5L. Mwenye gari dogo lenye injini ya petroli ya mfumo wa D-4 huiondoa na kuweka ya mfumo wa kawaida ambayo mafundi wengi wameizoea. Kila badiliko la namna hiyo hugusa mfumo wa kupoza, hata pale ambapo fundi hakukusudia kuugusa.

Gari linapoanza kuchemsha, lawama ya kwanza humwendea aliyeuza injini na ya pili humwendea fundi. Yamkini mmoja wao anastahili lawama hiyo. Hata hivyo, injini nzima isiyo na kasoro inaweza kuchemsha ikiwa imefungwa katika gari lisiloweza kuondoa joto lake. Kwa sababu hiyo uchunguzi hauna budi kufuata mpangilio, kuanzia jambo rahisi na la gharama ndogo hadi kufungua silinda hedi, ambayo ni kazi ya mwisho na ya gharama kubwa.

Joto hutoka wapi na huenda wapi

Katika injini ya kawaida ya petroli, takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta huishia kuwa nguvu ya kulisukuma gari. Sehemu nyingine inayokaribiana na hiyo hutoka na moshi kupitia bomba la eksozi, na inayobaki huingia katika chuma cha injini na lazima iondolewe na maji, oili na hewa.

Wota pampu huyasukuma maji kupitia bloku na silinda hedi, ambako hubeba joto na kulipeleka kwenye rejeta. Humo maji hupita katika mirija myembamba, nayo hewa inayoingia kwa mwendo wa gari au kwa nguvu ya feni huchukua joto hilo na kulitupa nje. Katikati ya mzunguko huo imo thamostati, mlango mdogo unaojifungua wenyewe maji yanapofikia joto lililopangwa.

Thamostati nyingi za magari ya Japani huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 84 za Selsiasi, na hufunguka kabisa kwenye nyuzi 95 hivi. Takwimu hizo mbili ndizo kipimo cha kusomea kila dalili inayofuata.

Mwinuko wa Songwe na mfuniko wa rejeta

Mji wa Tunduma uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kadiri mahali panavyoinuka ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Dar es Salaam maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Katika mwinuko wa Tunduma huchemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Hapo ndipo umuhimu wa mfuniko wa rejeta unapoonekana. Mfuniko huo ni vali yenye springi inayozuia maji yasitoke mpaka mgandamizo ufikie kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Mfuniko mzima wa 0.9 huyawezesha maji ya gari lililoko Tunduma kuvumilia hadi karibu nyuzi 115 kabla ya kuchemka. Uliokufa springi au kuchanika raba huyaacha yachemke kwenye nyuzi 95, yaani kiwango kile kile ambacho thamostati ndiyo kwanza imefunguka kabisa.

Kwa maneno mengine, injini isiyo na kasoro yoyote inaweza kumwaga maji mlimani kwa sababu ya mfuniko peke yake. Baada ya kubadilisha injini, mfuniko wa zamani hurudishwa bila kukaguliwa, au huwekwa wowote unaoingia. Kuupima kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji huchukua dakika chache, na kununua mpya ni gharama ndogo kuliko kazi nyingine yoyote itakayotajwa hapa.

Je, kweli linachemsha?

Swali la kwanza ni kama injini imepata joto kupita kiasi au ni mshale tu unaodanganya. Geji iliyo kwenye dashibodi ilitengenezwa kusoma sensa ya injini ya zamani. Injini iliyoingia huja na sensa yake, na hata kama soketi zinaingiliana, kipimo cha umeme chaweza kuwa tofauti. Matokeo yake mshale hupanda hadi alama nyekundu ilhali maji yana nyuzi 88, au hutulia katikati ilhali injini inaungua.

Aidha, injini nyingi za kisasa huwa na sensa mbili: moja ya geji na nyingine ya kompyuta ya gari. Fundi anapoziunganisha nyaya kwa kubahatisha huweza kuzibadilishana.

Njia ya kupata uhakika ni kupima joto la chuma karibu na mahali ambapo maji hutoka kwenye silinda hedi kwa kutumia kipimajoto cha mwanga kinachoelekezwa bila kugusa, kisha kulinganisha na mshale. Gari lenye soketi ya uchunguzi laweza pia kusomwa kwa mashine ya kompyuta.

Ipo dalili nyingine isiyohitaji kifaa. Iwapo mshale hupanda ghafla taa kubwa zinapowashwa na kushuka zinapozimwa, kasoro iko katika waya wa nega, ambao mara nyingi husahaulika kufungwa vizuri kati ya injini na bodi wakati wa kubadilisha injini. Joto la maji halipandi wala kushuka kwa kubonyeza swichi ya taa.

Linachemsha wakati gani?

Ikithibitika kuwa joto ni la kweli, swali linalofuata hupunguza kazi kwa nusu: linapanda wakati gani?

Gari linalochemsha likiwa limesimama au likitambaa, kwa mfano kwenye foleni ya kuingia mpakani, na kupoa linapokwenda kasi, lina upungufu wa hewa. Mwendo huleta hewa ambayo feni imeshindwa kuivuta. Uchunguzi uanzie kwenye feni.

Lile lililo salama kwenye foleni lakini huchemsha linapopanda mlima au likiwa na mzigo, mara nyingi lina rejeta iliyoziba au ndogo, maji yasiyozunguka vya kutosha, au injini inayozalisha joto kupita kawaida. Barabara ya kutoka Mbeya hushuka hadi Daraja la Mto Songwe kisha hupanda kuelekea Mlowo na Vwawa. Kupanda huko ni mtihani ambao gari lililojaribiwa kwa kuzunguka mtaa wa gereji halijaufanya. Mtihani mkubwa zaidi ni wa magari yanayotoka Bonde la Ziwa Rukwa, lililo takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari na lenye joto kali, hadi nyanda za juu zenye mwinuko unaokaribia maradufu.

Gari linalopandisha joto dakika chache tu baada ya kuwashwa likiwa baridi, bila mzigo wala mlima, lina hewa iliyonaswa ndani, thamostati isiyofunguka, au gasketi ya silinda hedi inayovujisha.

Hewa iliyonaswa ndani

Injini inapofungwa upya huwa tupu. Maji yanapomiminwa kwa haraka, hewa hubaki katika pembe za silinda hedi, katika mipira ya hita na katika mkunjo wowote ulio juu. Wota pampu haiwezi kusukuma povu la hewa. Sehemu ya chuma isiyoguswa na maji huungua, wakati geji yaweza kuonyesha joto dogo kwa sababu sensa imezungukwa na hewa.

Katika magari yaliyobadilishwa injini tatizo hili lina sababu ya ziada. Injini iliyoingia yaweza kuwa ndefu kuliko ya zamani, hivyo sehemu yake ya juu ikawa juu kuliko mdomo wa rejeta. Maji hutafuta usawa wake. Rejeta ikijaa pomoni, kilele cha injini bado kina hewa.

Utaratibu sahihi ni kuliegesha gari pua ikiwa imeelekea juu, jambo ambalo katika milima ya Songwe si gumu, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kabisa. Injini ikiwa baridi, mfuniko hufunguliwa na hita huwekwa kwenye moto wa juu ili maji yafike humo. Maji hujazwa polepole, kisha injini huwashwa na kuachwa bila mfuniko huku mipira ikiminywa kwa mkono. Thamostati inapofunguka, kina cha maji hushuka ghafla na hewa hutoka kwa mapovu. Maji huongezwa, mfuniko hufungwa, na kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha hukaguliwa tena.

Maji yakiwa yamepungua kidogo asubuhi ya kwanza, ni hewa iliyomalizikia kutoka. Yakipungua kila asubuhi, kuna mahali yanapovuja.

Baadhi ya mafundi huziba mipira ya hita kwa kuwa mwenye gari hahitaji joto ndani. Katika injini ambazo njia ya hita ni sehemu ya mzunguko wa maji, kuziba huko huzuia mtiririko na kunasa hewa. Ni heri kuiunganisha mipira hiyo ijirudie yenyewe kuliko kuipiga kizibo, kama hita haitumiki.

Kasumba ya kutoa thamostati

Hakuna dawa iliyozoeleka gereji kuliko kuitoa thamostati na kuitupa. Hoja yake huonekana ya kweli: mlango ukiondolewa, maji yatapita kwa wingi. Kwa injini nyingi za Kijapani hoja hiyo ni potofu.

Thamostati za injini hizo hufanya kazi mbili. Upande mmoja hufungua njia ya rejeta na upande wa pili, wenye kisahani kidogo, huifunga njia ya mkato ambayo maji hupitia injini ikiwa baridi. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu kubwa ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na mlimani gari huchemsha zaidi kuliko awali.

Thamostati hupimwa kwa kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa sehemu ya chini, kisha kuyapasha moto. Ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake na ifunguke wazi kabla au karibu ya maji kuchemka. Inapofungwa, kijitundu chake chenye kipini kinachocheza huwekwa juu ili hewa ipate pa kutokea.

Iliyokuja na injini ya mtumba isiaminiwe kwa macho. Haijulikani ilikaa miaka mingapi ikiwa kavu.

Feni, kava lake na waya wake

Kwa gari lenye feni ya umeme, makosa ya kawaida baada ya kubadilisha injini ni matatu. La kwanza ni waya kugeuzwa, hivyo feni ikapuliza hewa kwenda mbele badala ya kuivuta nyuma. Karatasi nyepesi ikiwekwa mbele ya rejeta gari likiwa limesimama na feni ikizunguka, inapaswa kuvutwa na kunata. Ikisukumwa, feni inashindana na upepo wa mwendo.

La pili ni swichi ya joto kutolingana. Zipo swichi zinazounganisha umeme maji yanapopata moto na zipo zinazoukata, na mfumo wa gari hupangwa kwa aina mojawapo. Swichi ya injini mpya ikiunganishwa kwenye nyaya za gari la zamani, feni yaweza kuzunguka wakati wa baridi na kusimama wakati wa joto.

La tatu ni kulikimbia tatizo kwa kuiunganisha feni moja kwa moja na swichi ya ufunguo izunguke muda wote. Gari hupoa na mwenye gari hufurahi, lakini chanzo kimefichwa, na mota ya feni huchakaa hadi ife siku isiyotarajiwa, aghalabu mbali na gereji.

Magari mengi ya dizeli na yale yenye injini iliyolala kwa urefu hutumia feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa, feni hiyo ikisukumwa kwa mkono inapaswa kuwa na ukinzani. Ikizunguka mizunguko kadhaa kwa wepesi, klachi imekwisha.

Kava linaloizunguka feni nalo hutupwa mara kwa mara kwa sababu halitoshei injini mpya. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni iliyokwisha kupata joto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Iwapo la awali halitoshei, hukatwa na kurekebishwa au hutengenezwa jingine la bati. Kuliacha si jambo dogo kwa gari litakalokaa saa nzima kwenye foleni.

Rejeta iliyozidiwa

Injini ya 2L ina ujazo wa sentimeta za ujazo 2,446, na 5L ina 2,986. Ni ongezeko la asilimia 22. Mwenye gari anayeweka 5L na kubaki na rejeta ya 2L iliyotumika miaka mingi, ameongeza mzigo wa joto huku uwezo wa kuliondoa ukiwa umepungua kwa uchakavu.

Maji ya mtoni na ya kisima yenye chumvi nyingi huacha ukoko ndani ya mirija, na kutu kutoka kwenye bloku huongezea. Injini ya mtumba iliyokuwa ikitumia maji matupu huingia na uchafu wake, ambao hutulia kwenye rejeta baada ya safari za mwanzo. Ndiyo maana bloku inapaswa kusafishwa kwa maji yanayopita kwa nguvu kabla haijaunganishwa na rejeta.

Injini ikishapata joto la kawaida kisha ikazimwa, kipimajoto cha mwanga kikipitishwa juu ya uso wa rejeta huonyesha picha nzima. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Doa la baridi katikati ni mirija iliyoziba. Kwa nje, vumbi, wadudu na mbegu za nyasi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Mpira wa chini wa rejeta nao huangaliwa injini ikiongezwa mafuta. Mpira uliounganishwa kutoka gari jingine, usio na springi ndani, waweza kunywea kwa mvuto wa wota pampu na kufunga njia ya maji. Ukiangaliwa injini ikiwa taratibu, huonekana mzima.

Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa na, muhimu zaidi, huzuia kutu. Haitibu rejeta iliyoziba.

Joto linalozalishwa kupita kiasi

Iwapo maji yanazunguka, feni inavuta na rejeta ni safi, huenda injini inazalisha joto lisilo la kawaida. Katika petroli, taimingi iliyochelewa husababisha mafuta kumalizikia kuungua wakati vali ya moshi inafunguka, na joto hilo huishia kwenye silinda hedi. Hewa inayoingia kinyemela kupitia gasketi au mpira uliopasuka huufanya mchanganyiko upungukiwe na petroli na kuungua kwa joto kali. Katika dizeli, pampu iliyowekwa vibaya taimingi au iliyofunguliwa imwage mafuta mengi hujionyesha kwa moshi mweusi na joto mlimani.

Bomba la eksozi lililoziba, hasa pale penye kisafisha moshi cha zamani kilichoyeyuka ndani, hulirudisha joto kwenye injini. Gari kukosa nguvu na kuchemsha kwa pamoja ni dalili ya kufuatilia upande huo.

Gasketi ya silinda hedi, hukumu ya mwisho

Baada ya hayo yote ndipo shaka inapohamia kwenye gasketi, au kwenye silinda hedi yenyewe kupinda au kupasuka. Injini ya mtumba yaweza kuwa ilitolewa kwenye gari la kwanza kwa sababu hiyo hiyo, na muuzaji asijue.

Vipo vipimo vinavyotoa jibu bila kufungua. Injini ikiwashwa asubuhi bila mfuniko wa rejeta, mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma hata baada ya hewa kutolewa ni gesi ya mwako inayoingia kwenye maji. Mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha, wakati maji bado ni baridi, maana yake ni ile ile, kwa kuwa mvuke haujapata muda wa kutokea.

Kipo pia kimiminika cha buluu kinachowekwa ndani ya kichupa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya mwako ikikipitia hugeuka rangi na kuwa ya njano. Kupima mgandamizo wa silinda moja moja, na kuijaza rejeta upepo kwa pampu ya mkono hadi kiwango cha mfuniko na kutazama kama geji inashuka, hukamilisha ushahidi. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa na moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto huwa dalili za hatua iliyokwisha kwenda mbali.

Silinda hedi ikifunguliwa, kubadilisha gasketi pekee hakutoshi. Uso wake hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipimo vyembamba. Kwa injini nyingi ndogo za petroli upindaji unaoruhusiwa ni wa sehemu za mia za milimita tu, nao huandikwa katika kitabu cha injini husika. Boliti hukazwa kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua. Inayokazwa kwa nguvu ya mkono wa fundi hurudi gereji.

Likichemsha njiani

Mshale unapopanda, kiyoyozi huzimwa na hita hufunguliwa kwa moto wa juu, kwani hita ni rejeta ndogo ya pili. Usiposhuka, gari huegeshwa mahali salama na injini huzimwa. Kuendelea kilometa tano "hadi kijiji kinachofuata" kumegeuza kasoro ya mfuniko kuwa gharama ya injini nzima kwa madereva wengi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mfuniko wa rejeta kamwe usifunguliwe ikiwa ya moto. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke mara mgandamizo unapoondoka, na humrukia aliye karibu usoni na kifuani. Isubiriwe hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Maji baridi yasimiminwe kwa ghafla katika injini ya moto, kwa kuwa chuma kinachopoa upande mmoja huweza kupasuka.

Kabla ya kununua na kabla ya kuvuka mpaka

Injini ikiwa bado iko chini dukani, yapo mambo yanayoonekana kwa macho. Kifuniko cha maji hufunguliwa na rangi ya ndani hutazamwa: kutu nene ni historia ya maji matupu. Kifuniko cha oili hutazamwa kama kina utando wa rangi ya maziwa. Kingo za silinda hedi huangaliwa kama zina gundi mpya, ishara kwamba iliwahi kufunguliwa. Masharti ya kuirudisha huandikwa kwenye risiti, pamoja na namba ya injini.

Namba hiyo ina kazi nyingine. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huonyesha namba ya injini na ya chasisi. Injini ikibadilishwa, mwenye gari anapaswa kutoa taarifa ili kadi irekebishwe, akiwa na hati za ununuzi. Kwa anayevuka kwenda Nakonde kupitia kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, injini isiyolingana na kadi yaweza kumchelewesha kuliko rejeta iliyopasuka.

Fundi anayekabidhi gari lililobadilishwa injini ana deni moja zaidi kwa mteja wake: kulipandisha mlima. Gari lililojazwa maji, likatolewa hewa, likapanda kutoka Mto Songwe hadi Vwawa likiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha likaachwa likinguruma dakika 20 bila mshale kusogea, limethibitisha kazi. Asubuhi inayofuata maji yakiwa pale pale yalipoachwa, mwenye gari anaweza kuanza safari.